Kwa Miguu Hadi Wusi

"Nani anakufukuza leo, Musyimi?" mama muuza maandazi alimtania alipopita mbele ya jiko lake, jua likiwa bado halijatoka.

"Leo mimi ndiye ninayefukuza, mama!"

Watu wawili waliokuwa wakinywa chai pale walicheka. Mtaa mzima wa Kaloleni ulikuwa umezoea kumwona akikimbia, lakini kuzoea si kukubali. Mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, fundi wa baiskeli anayejulikana Voi yote, kutoka nje alfajiri na kaptula na kwenda mbio hadi porini bila kutumwa na mtu! Wengine walisema amerogwa. Wengine walisema ni mwanamke. Hao wa pili hawakuwa mbali na ukweli, ingawa mbio zilikuja kwanza.

Zilianza na karatasi iliyobandikwa kwenye ukuta wa posta, mwezi wa Februari mwaka huo wa hamsini na saba. Kungekuwa na mbio za maili ishirini na sita kule Mombasa, mwezi wa Agosti, kwa mtu yeyote ambaye hakuwahi kulipwa kwa kukimbia. Musyimi aliisoma mara tatu. Tangu utotoni kule Kibwezi alijua kwamba miguu yake ina kitu, ila hakuwahi kuiuliza ni kitu gani. Siku ya pili akaanza.

Miezi mitano sasa. Viatu vya raba vilimng'oa kucha mbili, akavitupa akarudia miguu mitupu. Askari walimsimamisha mara mbili wakimtaka aonyeshe alichoiba. Siku moja tembo walitanda barabarani, akakaa juu ya tuta la reli karibu saa nzima mpaka gari la moshi la Taveta lilipopita likipiga honi na kuwatawanya. Na mara mbili, alipofika maili ya kumi na nane, miguu ilimgomea kabisa. Ilikaza kama mbao, akaanguka kando ya njia, akarudishwa mjini juu ya lori la mkonge kama mzigo.

Leo alikuwa amejiwekea maili ishirini na moja. Kumi na sita za tambarare, kutoka Voi hadi Mwatate. Tano za kupanda, kutoka Mwatate hadi Wusi. Na huko Wusi, mwisho wa maili hizo, kulikuwa na nyumba ya Mzee Mwadime, baba yake Wakio. Musyimi alikuwa ameapa kwamba leo hataishia getini kama siku alizomsindikiza Wakio. Leo angepiga hodi.

*

Alimkuta mahali pao pa kila Jumamosi, kwenye maili ya kumi, pale shamba la mkonge linapoanza. Wakio alikuwa amesimama kando ya baiskeli, kitambaa cha bluu kichwani, chupa ya chai ya rangi imefungwa nyuma kwa mpira. Alipomwona Musyimi akitokea kwenye vumbi jekundu, hakupunga mkono. Aliangalia saa tu. Saa ile ilikuwa ya Musyimi. Kila mara alimwachia aivae, na kwa kuwa mkanda ulikuwa mkubwa kuliko kifundo cha mkono wake, aliisukuma ikapanda hadi karibu na bega.

"Umechelewa dakika nne," alisema, akapanda baiskeli na kwenda sambamba naye.

"Habari za asubuhi na wewe pia."

"Salamu utapewa ukifika. Kunywa."

Alimpa chupa bila kusimama. Chai ilikuwa tamu, ina ndimu na chumvi kidogo, kama alivyopenda. Musyimi alikunywa, akamrudishia, na vidole vyao vikagusana kwenye chupa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Wakio alitazama mbele. Musyimi naye alitazama mbele. Walikwenda hivyo karibu nusu maili, kila mmoja akijifanya anaangalia barabara.

Wakio alikuwa mjane wa miaka ishirini na sita. Mumewe, Stephen, alikufa kwa homa miaka mitatu iliyopita, kabla hawajapata mtoto. Baada ya matanga, wakwe zake walikaa, wakashauriana, wakaamua arithiwe na Donald, mdogo wa marehemu. Wakio alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru kwa ushauri, kisha akafunga nguo zake kwenye baiskeli ya mumewe na kurudi kwao Wusi. Tangu hapo alikuwa akiteremsha mboga sokoni Mwatate kwa baiskeli hiyo hiyo. Mwanamke juu ya baiskeli! Wazee walitema mate. Yeye alipiga kengele wapishe njia.

Ni baiskeli hiyo iliyomfikisha kwa Musyimi, cheni imekatika. Alikaa akimtazama akiitengeneza, kisha akamuuliza, "Ni wewe yule wanayesema anakimbia na hakuna anayemfukuza?" Musyimi alikubali kwa aibu. Wakio hakucheka. Aliuliza, "Huwa unajisikiaje ukiwa mbali na kila mtu?" Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Mama yako amejibu barua?" Wakio aliuliza sasa, akikanyaga pedali polepole.

"Amejibu."

"Amesema nini?"

Musyimi alipumua mara kadhaa kabla ya kusema. "Amesema mwanamke aliyezika mume mmoja atamzika na wa pili."

"Na wewe umemjibu nini?"

"Nimemwambia sote tutazikwa. Afadhali nizikwe na mtu ninayempenda."

Baiskeli iliyumba kidogo. Wakio aliiweka sawa, na Musyimi aliona upande wa shavu lake ukitabasamu, na maili mbili zilizofuata hakuzihisi hata kidogo.

*

Waliingia Mwatate soko likiwa limejaa. Watu walikuwa wameshuka kutoka milimani kote na ndizi, kabichi na miwa. Musyimi alikuwa ametimiza maili kumi na sita na kichomi kilikuwa kimeanza kumdunga chini ya mbavu za kulia. Alikuwa akijisemea moyoni, usisimame, ukisimama umekwisha, ndipo mtu alipotoka barazani pa mafundi wa cherehani na kushika usukani wa baiskeli.

Alikuwa Donald, futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni mwake.

"Shuka," alimwambia Wakio.

"Donald, kwanza hujambo."

"Nimesema shuka. Umetutia aibu vya kutosha. Kila Jumamosi nasikia, mke wa ndugu yako amepita na Mkamba wake. Leo nimeona kwa macho yangu. Baiskeli hii ni ya marehemu kaka yangu. Haitabeba chai ya mwanamume mwingine."

Wateja waligeuka. Mwanamke aliyekuwa akipanga nyanya aliacha kupanga. Musyimi alikuwa akirukaruka papo hapo ili miguu isipoe, na alijua anaonekana mjinga, lakini hakuacha.

"Ndugu," alisema, "tuzungumze kwa..."

"Wewe sijakuita ndugu!"

"Musyimi, niachie," Wakio alisema. Alishuka kwenye baiskeli taratibu. Alifungua mpira, akachukua chupa yake ya chai. Kisha akauachia usukani. "Chukua."

Donald hakutegemea hilo. Alikuwa amejiandaa kwa mvutano, na sasa alishika baiskeli kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake.

"Umesema kweli," Wakio aliendelea, na sauti yake ilifika hadi kwa muuza nyanya. "Baiskeli ni ya Stephen. Nenda nayo, umpe mama, umwambie nimeirudisha nzima. Cheni ni mpya na breki zinashika. Lakini mimi sikuwa kitu cha Stephen, Donald. Nilikuwa mke wake. Nilimpenda, nikamuuguza, nikamzika. Vitu vyake mnaweza kugawana. Mimi hamnigawani."

"Mahari yetu iko kwa baba yako!"

"Basi mkaonane na baba yangu. Anakaa Wusi, na njia mnaijua."

"Na hiyo saa?" Donald alionyesha kwa kidole. "Hiyo saa ni ya nani?"

"Hii?" Wakio aliitazama mkononi mwake, juu kabisa karibu na bega. "Hii si ya ukoo wenu."

Mtu mmoja kwenye umati alicheka, kisha wawili, na uso wa Donald ukabadilika. "Nitakuja Wusi leo," alisema. "Nitakuja na wajomba. Tutaona kama utasema hivyo mbele ya baba yako."

Wakio alikuwa amekwisha kugeuka. Alivua viatu vyake, akavifunga kamba na kuvitupia begani. Akakusanya kanga yake kwa mkono mmoja.

"Twende," alimwambia Musyimi.

"Wakio, ni mlima. Maili tano."

"Najua ni ngapi, nimezaliwa juu yake."

Akaanza kukimbia. Alikimbia katikati ya soko la Mwatate, mchana kweupe, kanga mkononi na viatu vikimpigapiga mgongoni, na watu walimpisha kama walivyompisha alipokuwa na kengele. Musyimi alikimbia pembeni yake. Hakuwahi kukimbia polepole hivyo tangu aanze mazoezi, na hakuwahi kujisikia ana nguvu hivyo.

Nje ya mji, pale barabara inapoanza kujipinda kupanda, Wakio alisimama, mikono kiunoni, akihema.

"Basi. Mimi nitatembea. Wewe nenda."

"Siwezi kukuacha," Musyimi alisema, akirukaruka papo hapo.

"Musyimi, nisikilize." Alimshika mkono kwa mara ya kwanza nje ya kisingizio cha chupa. "Mimi sitaki mwanamume anayeacha kitu chake kwa sababu yangu halafu miaka kumi baadaye anihesabie. Umesema ishirini na moja. Zimalize. Nitakukuta juu."

"Na baba yako?"

"Nilidhani unauogopa mlima."

"Mlima siuogopi sana."

Alimcheka, akampa chai iliyobaki. Macho yao yalikutana, na safari hii hakuna aliyeangalia barabara. Kisha akamsukuma kwa kiganja mgongoni, akamwambia, "Haya. Nenda kabla sijabadili nia."

*

Maili ya kumi na nane ilimjia kwenye kona ya tatu.

Aliijua. Ilianza kwenye nyama ya paja la kushoto, ikashuka kwenye goti, kisha miguu yote miwili ikawa si yake. Njia ilikuwa imesimama mbele kama ukuta. Kila kona aliyoimaliza ilimwonyesha nyingine juu yake, mashamba ya mahindi yameshikilia mteremko, moshi wa jikoni ukitoka kwenye migomba. Kichwa kilimwambia maneno ya busara. Pumzika kidogo tu. Kaa kwenye jiwe hilo. Nani atajua?

"Mimi nitajua," alisema kwa sauti, na mzee aliyekuwa akishuka na mbuzi alimwitikia, "Naam?"

Paja likakaza. Aliburuta mguu. Mara hii hakuanguka. Alilipiga kwa ngumi, akalitukana kwa Kikamba, akapiga hatua fupi fupi kama mtoto anayejifunza kwenda, lakini hatua za kukimbia, si za kutembea. Alimfikiria Wakio huko chini, peke yake, akipanda njia hiyo hiyo kwa miguu iliyokanyaga mawe. Hakuwa na lori la kumchukua. Basi na yeye asiwe nalo.

Baada ya maili ya ishirini maumivu hayakuisha, ila yaliacha kumshangaza. Aliona paa la kanisa la Wusi, kisha mti wa mparachichi, kisha geti la miti. Siku zote alizomsindikiza Wakio aligeuka hapo. Leo aliligusa geti kwa mkono ili iwe rasmi, akaingia uani na kuketi chini kwa sababu miguu haikumpa nafasi ya kuchagua.

"Hodi," alisema akiwa ameketi kwenye vumbi.

*

Mzee Mwadime alitoka na Biblia mkononi na miwani puani. Alikuwa mzee wa kanisa, mfupi, mwenye mvi zilizochanwa vizuri. Alimtazama mgeni wake: kaptula, chumvi ya jasho iliyokauka usoni, damu kwenye kidole cha mguu.

"Nani anakufukuza?"

"Hakuna, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye Musyimi."

"Ndiye."

"Na umekuja kufanya nini nyumbani kwangu ukiwa nusu uchi?"

"Nimekuja kuposa, mzee."

Ndani ya nyumba kijiko kilianguka.

"Kuposa," mzee alirudia. "Mshenga wako yuko wapi?"

"Sina. Niliwaomba watu watatu. Wote walisema utawafukuza."

"Walisema kweli."

"Ndiyo sababu nimekuja mwenyewe. Mimi nimezoea kukimbia."

Kitu kilitikisika kwenye mdomo wa mzee, lakini alikizuia. Alianza kuhesabu kwa vidole. Kwanza, Wakio bado ni mke wa watu kwa mila, na mahari yao ilikuja hapa. Pili, Musyimi ni Mkamba, si Mdawida, Mtaita wa milima hii. Tatu, fundi wa baiskeli angalau ni kazi, lakini mtu anayekimbia maili ishirini kwa kupenda, huyo ana akili kweli? "Na hizo mbio za Mombasa ukishindwa?"

"Nitashindwa, labda. Kuna watu huko wenye miguu kuliko yangu."

"Sasa unakimbilia nini?"

Musyimi alifikiri. Alikuwa amechoka mno hata kutafuta jibu zuri. "Nilipoanza, mzee, kila mtu aliniambia siwezi. Nilitaka kujua kama ni mimi nisiyeweza, au ni wao wasiojua. Leo nimejua."

Mzee alifungua Biblia yake akaanza kusoma. Mama Tryphena, mke wa mzee, alitoka na kibuyu cha maji bila kutazama upande wa mumewe, akampa mgeni, akarudi ndani. Kivuli cha mparachichi kilikuwa kimesogea hadi miguuni mwa Musyimi Wakio alipotokea getini, kanga imejaa vumbi, nyayo zake zinavuja damu kidogo kisiginoni. Alimtafuta Musyimi kwa macho kabla ya kumtazama baba yake.

"Umemaliza?"

"Ishirini na moja."

"Bila kusimama?"

"Bila kusimama."

Uso wake uling'aa. Kisha akamwelekea baba yake, akapiga goti kidogo kwa heshima. "Shikamoo, baba. Nimemrudishia Donald baiskeli. Amesema atakuja leo na wajomba."

"Umefanya nini?" Mzee alivua miwani. "Wakio! Unajua watasema nini? Na nitawajibu nini huyu akiwa ameketi uani kwangu? Siwezi kumpa mtu huyu binti ambaye bado anadaiwa!"

"Baba, hukuombwa unipe. Ulinipa mara moja, nikaenda kwa heshima, nikakaa kwa heshima. Safari hii ninajitoa mwenyewe. Kwako tunaomba baraka tu."

"Na nikikataa?"

Wakio alimtazama machoni. "Nitalia, baba. Nitalia sana. Kisha nitaolewa."

Mama Tryphena alitoka na bakuli la uji na kigoda kimoja, akakiweka barazani. "Kijana, ondoka kwenye vumbi. Kaa hapa."

"Mama Wakio," mzee alisema, "nimesema hapana."

"Umesema hapana kwa posa. Kwa uji hukusema."

Musyimi alijivuta hadi barazani na kukaa. Kabla hajafikisha bakuli mdomoni, sauti zilisikika kutoka kwenye kona ya chini, wanaume kadhaa wakipanda, mmoja akiongea kwa hasira kuliko wenzake. Mzee Mwadime aliwatazama vijana wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Wamefika," alisema. "Mkamba, kuna njia nyuma ya zizi. Inashuka mpaka mtoni."

"Asante, mzee. Sitaifuata."

"Huwezi hata kusimama."

"Ni kweli. Nitawangoja nikiwa nimekaa."

Wakio alipanda barazani, akaketi chini karibu na kigoda chake, bega lake likigusa goti la Musyimi, mahali ambapo kila anayeingia getini angeona. Hakuvaa viatu. Hakujipangusa vumbi.

Mzee alisimama uani peke yake, Biblia kifuani. Sauti zilikuwa karibu sasa. Mtu alikohoa nje ya geti. Ndipo mzee alipoingia ndani, akatoka na kiti chake kirefu cha mbao, kile anachokalia siku za baraza la kanisa. Alikibeba mwenyewe, hakukubali mkewe amsaidie. Akakiweka barazani, mbele kidogo ya wale wawili, kikitazama geti. Akaketi na kuvaa miwani.

"Sijabariki kitu," alisema bila kugeuka. "Msidhani nimebariki. Lakini hii ni nyumba yangu, na yeyote anayetaka neno na walio barazani kwangu, ataanza na mimi."

Kisha akapaza sauti kuelekea getini.

"Karibuni!"